Zamu yangu kuchagua kitabu cha kikundi: The Thursday Murder Club, My Sister, the Serial Killer au Orbital?

Mfunua Kurasa (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Zamu ya kuchagua kitabu cha kikundi chetu cha usomaji imeniangukia na natakiwa kutaja jina kabla ya Ijumaa. Nimebaki na vitatu: The Thursday Murder Club cha Richard Osman, My Sister, the Serial Killer cha Oyinkan Braithwaite, na Orbital cha Samantha Harvey. Vyote nimeonja kurasa za mwanzo na kila nikiamka nina jibu jipya. Tunataka kitu chepesi. Mliovimaliza karibuni, nipeni maoni. Ila msinimwagie mtama, miisho iacheni.

Sikio la Tatu
Chepesi kwa nani? Mko wangapi? Mna muda gani? Mmetoka kusoma nini? Wote mnasoma kwa macho au kuna wanaosikiliza? Mleta uzi umetuletea majina matatu na kukimbia.

Bi Taa ya Kitandani
Braithwaite. Funga uzi.

Haya, niongeze kidogo. Nimekimaliza juzi na nilikianza nikijiambia nitasoma sura mbili nilale. Sura zenyewe fupi, nyingine haijazi hata ukurasa, kwa hiyo "mbili tu" zikawa nyingi. Korede ni nesi jijini Lagos, mtu wa usafi na mpangilio. Anapigiwa simu na mdogo wake Ayoola: nimeua tena, njoo. Huyo ni mpenzi wa tatu. Sijamwaga mtama wowote hapo, ndipo kitabu kinapoanzia. Kinachokubana ni kujua Korede ataendelea kusugua damu za mdogo wake mpaka lini, hasa Ayoola anapotia mguu hospitalini na daktari Tade, ambaye Korede anampenda kimoyomoyo, akamwona. Kuna mgonjwa aliyezimia, hajitambui, na Korede anakwenda kumwaga siri zake zote kitandani kwake kwa sababu anaamini hasikii. Mimi nilikuwa nacheka huku nimeshika shavu.

Mzee wa Taharuki
Dada Taa, kama muuaji namjua ukurasa wa kwanza, kurasa zilizobaki nasoma nini? Hali ya hewa?

Mfunua Kurasa, chukua Osman usihangaike. Wastaafu wanne, Elizabeth, Joyce, Ibrahim na Ron, wanaishi kijiji cha wazee kinachoitwa Coopers Chase, na kila Alhamisi wanakaa kuchambua kesi za mauaji ambazo polisi walishindwa kuzimaliza. Halafu maiti ya kweli inadondoka mlangoni kwao. Utamu uko kwa Joyce. Sura zake ni shajara, anaanza na jambo zito, anahamia kwenye keki, anarudi kwenye maiti, na ukiangalia vizuri yeye ndiye amekupa dalili muhimu ambayo wewe umeiruka ukicheka. Nesi mstaafu, mpole, hakuna anayemshuku kwa lolote. Kitabu kilitoka 2020 na mfululizo umefika kitabu cha tano mwaka 2025, kwa hiyo mkikipenda mna pa kwenda.

Bi Taa ya Kitandani
Mzee wangu, taharuki haiishii kwenye "nani kaua". Kuna "atakamatwa?", kuna "atamuua na huyu?", na kubwa kuliko zote kuna "mimi ningemficha ndugu yangu?". Hilo la mwisho ndilo kikundi kitakesha nalo. Ukimaliza Osman unajadili nini? Muuaji kapatikana, mnafungua madirisha mnaondoka.

Mzee wa Taharuki
Unajadili uzee, binti yangu. Mume wa Elizabeth, Stephen, kumbukumbu zinamtoroka, na hilo linaanza kitabu cha kwanza kabisa. Elizabeth alikuwa jasusi, mwanamke wa kufungua kila siri duniani, na ndani ya nyumba yake kuna jambo ambalo hawezi kulizuia. Msimwone Osman anachekesha mkadhani hana uzito.

Mtoro wa Sura
Halafu subirini mfike kitabu cha nne, pale ambapo Stephen

Sikio la Tatu
MTORO ISHIA HAPO HAPO.

Mtoro wa Sura
Nimeishia! Nasema tu muwe na leso.

Jalada Gumu
Naona Orbital kimeachwa yatima. Nimekimaliza mwezi huu na bado sijakirudisha rafuni, kwa hiyo nimtetee, ingawa ushauri wangu ni msikichukue.

Watu sita wako kwenye kituo cha anga za juu, siku moja tu, na katika siku hiyo wanaizunguka dunia mara 16. Kitabu kimegawanywa kwa mizunguko hiyo. Kila baada ya dakika tisini jua linachomoza upya, kwa hiyo neno "asubuhi" linapoteza maana yake kwao. Hakuna ugomvi, hakuna siri, hakuna kitu kitakacholipuka. Chie, mwanaanga wa Kijapani, amepata habari kwamba mama yake amefariki na hawezi kushuka kwenda kumzika. Chini kuna kimbunga kikubwa kinaelekea Ufilipino, wanakiona chote kwa jicho moja, wanakipiga picha, na hawana la kufanya. Ndiyo hadithi nzima. Kilipata Booker, ile tuzo kubwa ya riwaya za Kiingereza, mwaka 2024, na wengi wakakikimbilia kwa sababu kina kurasa 136. Kufungua vile wanakutana na sentensi inayoanza Afrika na kuishia Australia.

Mimi kimenifanya nitazame juu usiku kwa namna nyingine. Lakini sijui kwenu nani anataka nini, kwa kuwa mleta uzi amepotea.

Mfunua Kurasa
Nipo, nilikuwa kazini. Samahani Sikio, maswali yako ni ya haki.

Kwenye orodha hatufiki kumi, wanaokuja kweli ni watano au sita. Kila kitabu tunakipa mwezi. Tumetoka kwenye Girl, Woman, Other cha Bernardine Evaristo, kile kilichogawana Booker ya 2019 na cha Margaret Atwood. Mimi nilikipenda sana. Wenzangu walilia: wahusika kumi na wawili kila mmoja na sehemu yake, nukta za kutafuta kwa tochi, mistari inakatika kama shairi. Nusu yao waliishia kwa mhusika wa tatu wakaja mkutanoni kunisikiliza mimi. Ndiyo maana nasema chepesi. Na ndiyo, mmoja wetu anasikiliza tu, macho yake hayavumilii maandishi madogo.

Jalada Gumu
Basi Orbital ondoa leo. Waliochoshwa na Evaristo watalala kabla ya mzunguko wa pili.

Sikio la Tatu
Tena Evaristo ndiye wa kusikiliza! Kile kitabu ukisomewa kwa sauti, ile shida ya nukta haipo kabisa. Msomaji anavuta pumzi pale mstari unapokatika na kila mwanamke anapata sauti yake. Mngemuuliza huyo mwenzenu anayesikiliza, nina hakika yeye alifika mwisho.

Mfunua Kurasa
Aisee, ndiye aliyefika mwisho pamoja nami.

Mzee wa Taharuki
Kusikiliza si kusoma lakini. Tusidanganyane.

Sikio la Tatu
Mzee, umeanza. Hadithi ziliishi masikioni mwa watu karne na karne kabla hazijatiwa kwenye karatasi. Wewe uliyesimuliwa utotoni hukupata hadithi?

Mzee wa Taharuki
Nilipata hadithi, sikusoma. Ni vitu viwili. Anayesikiliza huku anaosha vyombo hawezi kurudi nyuma kuangalia Joyce alisema nini sura ya nne.

Sikio la Tatu
Kuna kitufe cha kurudi nyuma, mzee wangu. Sekunde kumi na tano. Kimewekwa makusudi kwa ajili ya watu kama wewe.

Kahawa Baridi
Nimesoma uzi mzima nikisubiri mtu akitaje, hamkukitaja, nakitaja mimi: Before the Coffee Gets Cold cha Toshikazu Kawaguchi. Mkahawa mdogo Tokyo, ukikaa kiti fulani unarudi wakati uliopita, lakini lazima urudi kabla kahawa haijapoa. Hadithi nne, kila moja inajitegemea kidogo, kwa hiyo hata asiyemaliza anakuja mkutanoni na cha kusema. Hicho ndicho chepesi. Na maswali yake ni rahisi kuuliza: ungerudi kwa nani?

Jalada Gumu
Jina lako limeshatuambia ungekuja na hicho. Nimekisoma. Wazo zuri, masharti mazuri: huwezi kutoka kitini, huwezi kukutana na mtu ambaye hajawahi kuingia mkahawani humo, na lolote ulifanyalo halibadili yaliyopo. Sharti hilo la mwisho ndilo moyo wa kitabu, maana unabaki kujiuliza watu wanaenda kufanya nini basi. Lakini masharti hayo unaelezwa hadithi ya kwanza, unaelezwa tena ya pili, ya tatu unaelezwa tena. Kufika ya nne ningeweza kuhudumia wateja pale.

Kahawa Baridi
Mwandishi ni mtu wa tamthilia, na kitabu kilianzia jukwaani. Jukwaani lazima ukumbushe. Mimi marudio hayo yalinituliza.

Jalada Gumu
Mimi yalinitia usingizi, ambao nao ni utulivu, sikatai.

Mama Rafu
Nilikuwa nasoma tu bila kuandika, ila hilo la "chepesi" limenigusa mahali. Niruhusuni niandike kirefu.

Nilikuwa kwenye kikundi kingine zamani. Tulikuwa tumechoka, tumesoma vita, tumesoma njaa, mtu mmoja akasema safari hii tupumzike, akaleta The Midnight Library cha Matt Haig. Maneno ya nyuma ya jalada matamu: kuna maktaba kati ya uhai na kifo, kila kitabu ndani yake ni maisha ambayo ungeishi kama ungeamua vingine. Sote tukasema hewala. Hakuna aliyetaja kwamba Nora Seed anafika kwenye maktaba hiyo kwa sababu ameamua kujiua, na kwamba sura za mwanzo zinahesabu saa moja moja kuelekea uamuzi huo. Paka anakufa, kazi inaondoka, mlango mmoja mmoja unafungwa.

Kwenye kikundi kulikuwa na dada mmoja mkimya. Hatukujua kwamba alifiwa na kaka yake kwa njia hiyohiyo. Alikisoma chote, akaja. Mkutano ulianza vizuri, watu wanabishana maisha yapi ya Nora yalikuwa bora, yule mwogeleaji wa Olimpiki, yule mwanamuziki mashuhuri, yule mtafiti wa barafu kule Svalbard. Kisha bwana mmoja akasema, kwa kicheko tu, kwamba Nora alikuwa anajiendekeza, matatizo yenyewe madogo. Dada yule akafunga kitabu, akachukua mkoba, akatoka. Tulidhani kaenda kupokea simu.

Kikundi hakikufa siku ile. Kilikufa kwenye meseji zilizofuata. Nani alichagua? Nani aliidhinisha? Aliyechagua anasema iko wazi ukurasa wa kwanza, someni kabla ya kukubali. Yule bwana anasema alikuwa anazungumzia mhusika, hakuzungumzia mtu. Wengine wakamtetea, wengine wakatoka kundini bila kuaga. Mpaka leo wawili hawasalimiani, na dada yule hakurudi tena kwenye jambo lolote la vitabu, nasikia.

Na kitabu si kibaya! Kuna watu kimewashika mkono. Ila kiliuzwa kwetu kama kitabu cha kupumzikia, na kila mtu akaja na mikono mitupu.

Kwa hiyo Mfunua Kurasa, kabla hujataja jina Ijumaa, angalia ndani. Hicho cha Braithwaite kina baba anayewapiga mabinti zake, na kumbukumbu zake zinarudi sura baada ya sura katikati ya vichekesho. Osman ana huyo mume anayesahau, na kuna wazee wanaoamua mambo mazito kuhusu kifo. Sisemi msisome. Semeni tu mapema.

Bi Taa ya Kitandani
Pole sana Mama Rafu. Na ni kweli kuhusu baba, mimi nilikiruka kwenye maelezo yangu. Kisu anachotumia Ayoola kilikuwa cha huyo baba. Kitabu kizima kimekaa juu yake.

Mzee wa Taharuki
Pole. Lakini sasa kila riwaya tuibandike onyo kama dawa? Riwaya ikikosa mauti, talaka na usaliti inabaki na nini? Nusu ya kazi ya mwandishi ni kukukuta hujajiandaa.

Mama Rafu
Mwandishi anikute hivyo, sawa. Rafiki yangu anayenipa kitabu asinikute hivyo. Mwandishi hanijui, yeye ananijua.

Kipanya cha Maktaba
Hapo kwa Mama Rafu nimesimama. Sentensi moja tu kwenye kundi inatosha: "kuna kujiua", "kuna ukatili wa baba". Mwisho wa hadithi haujaguswa na mtu anajua anaingia wapi.

Mwana wa Tafsiri
Wakuu, uzi wa Kiswahili, wasomaji wa Kiswahili, vitabu vyote Kiingereza. Hakuna anayeona? Paradise cha Abdulrazak Gurnah, cha mwaka 1994, kipo kwa Kiswahili tangu 2022, kinaitwa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Gurnah ndiye mshindi wa Nobel ya fasihi ya 2021, na mazungumzo ya wahusika wake yanasomeka kana kwamba yalikuwa yanasubiri kurudi kwenye lugha hii. Kikundi kisome hicho.

Jalada Gumu
Nimekisoma kwa lugha zote mbili na Kiswahili kinashinda kwenye safari za misafara. Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili anachukuliwa na tajiri kufidia deni la baba yake. Mleta uzi ameomba chepesi jamani.

Mwana wa Tafsiri
Na wanawake wanaouawa na kusuguliwa kwa dawa ya madoa ndio wepesi?

Bi Taa ya Kitandani
Wanaouawa ni wanaume, ndugu yangu. Soma kwanza.

Mwana wa Tafsiri
Sawa, wanaume. Hoja yangu iko palepale. Mnaita kitu riwaya pendwa kwa sababu sura ni fupi na kuna utani, na riwaya dhati kwa sababu mwandishi kapewa medali. Braithwaite alifika orodha ndefu ya Booker 2019 na kitabu chake kinasomwa kwenye basi. Mpaka huo mnauchora wapi?

Kipanya cha Maktaba
Mimi nauchora pale ninapolazimika kurudia aya. Nikirudia kwa kupenda, dhati. Nikirudia kwa kutoelewa, naacha.

Mtoro wa Sura
Mimi naanza na ukurasa wa mwisho. Nikiupenda narudi mwanzo.

Mzee wa Taharuki
Unasema nini?

Mtoro wa Sura
Ukurasa wa mwisho kwanza. Hata vya upelelezi. Naona raha kumtazama mwandishi akinificha kitu ambacho tayari ninacho.

Mzee wa Taharuki
Wasimamizi wa jukwaa mko wapi? Huyu afungiwe.

Bi Taa ya Kitandani
Hahaha, Mzee, huyo kakujibu lile swali lako la "nasoma nini". Anasoma namna.

Kipanya cha Maktaba
Turudi kwa mleta uzi kidogo. Hatari moja ya Osman haijatajwa: tangu 2025 kuna filamu yake, Helen Mirren ndiye Elizabeth, Pierce Brosnan ndiye Ron, Ben Kingsley Ibrahim, Celia Imrie Joyce. Kikundi kilichoshindwa na Evaristo kikigundua kuna filamu, nakuhakikishia watatu watakuja mkutanoni wakiwa wametazama. Utawajua. Watamsifu Brosnan na hawatajua chochote kuhusu shajara ya Joyce.

Mzee wa Taharuki
Watakuwa na cha kusema angalau. Na filamu imebadilisha mambo kadhaa, kwa hiyo waulize swali la mtego mwanzoni.

Sikio la Tatu
Kumbe sisi wa kusikiliza hatusomi, ila wa filamu wana cha kusema. Mzee una mizani yako peke yako.

Mfunua Kurasa
Nimesoma yote, na Mama Rafu umenikalisha chini. Nimemwandikia faraghani mmoja wa wenzangu ambaye najua ana mgonjwa wa kusahau nyumbani, nikamuuliza kuhusu Osman bila kumwaga chochote. Amejibu kwamba angependa kukisoma, tena kwa sababu hiyo. Sikutarajia. Mwingine, bila kuulizwa, ameniambia lolote mradi lisiwe na damu. Kwa hiyo Orbital kimetoka, Braithwaite yuko mlangoni hajatoka wala hajaingia, na mtu ameshanitumia ujumbe wa faragha kuhusu kahawa.

Kahawa Baridi
Si mimi.

Ni mimi.

Bi Taa ya Kitandani
Damu kwenye Braithwaite ni chache kuliko usafi. Mwambie huyo wa damu kwamba atajifunza kusugua vigae.

Kipanya cha Maktaba
Tupige kura hapa? Mimi Osman.

Jalada Gumu
Braithwaite, kwa sababu ni kifupi na mtabishana. Kikundi cha watu watano kinahitaji ubishi kuliko kinavyohitaji raha.

Mwana wa Tafsiri
Peponi.

Mtoro wa Sura
Chochote, mradi mnipe ukurasa wa mwisho.

Sikio la Tatu
Kwa yule wenu wa kusikiliza: Osman cha kwanza kimesomwa na Lesley Manville na anamweza Joyce vizuri sana. Ila kuna anayejua kama Peponi imerekodiwa kwa sauti?

Mwana wa Tafsiri
Hilo nami nalitafuta. Mwenye habari aweke hapa. Na Jalada Gumu, ulisema umesoma zote mbili: Khalil, yule kijana wa dukani kwenye Peponi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, yupi anachekesha zaidi?

Jalada Gumu
Fungua uzi mwingine, nije na nakala zote mbili.